Wajibu wa Kundi la Huduma na Heshima Katika Chama Chetu

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kundi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama, Fedha, Nairobi



Desturi ya mkutano huu ni kwamba Katibu akisha kusoma taarifa ya mwaka, na Mweka Hazina akisha kusoma hesabu, kila kundi lililo ndani ya chama husimama likaeleza lilivyotenda. Sisi wa Kundi la Huduma na Heshima husimama mwisho, na aghalabu maneno yetu yamekuwa machache: tumezika, tumeozesha, tumepokea wageni, ahsanteni. Mwaka huu twaomba ruhusa ya kusema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mbele yenu ipo hoja ya baadhi ya wanachama kwamba kundi letu livunjwe. Hoja hiyo haikuletwa kwa chuki. Imeletwa kwa sababu zilizo wazi, na baadhi ya sababu hizo ni za kweli. Kwa hiyo hatukusimama kujitetea tu. Twataka kueleza tulivyo, tulipokosa, na tuliyojifunza kwa watu waliotutangulia katika kazi hii, ili kila mwanachama apige kura yake akijua analolipigia.

Yafaa tuanze na kundi lenyewe, maana wako wanachama wapya ambao wametujua kwa mavazi tu. Katika chama chetu wote ni ndugu, na kila mmoja hutoa mchango sawa na mwenziwe. Lakini ziko kazi zisizoweza kufanywa na watu wote kwa pamoja. Anapofariki mtu, hapana budi wawepo watu waliokwisha teuliwa, wasiongoja kuulizwa: wa kufuatana na jamaa mpaka chumba cha maiti, wa kutafuta kibali cha mazishi, wa kukodi gari, wa kusimamisha maturubai na kupanga viti, wa kupokea waombolezaji langoni, wa kulibeba jeneza, na wa kusema neno la chama kaburini. Kadhalika katika arusi, na katika siku kama ya leo, ambapo viongozi wapya hukabidhiwa daftari na mhuri mbele ya macho ya wote. Hao ndio sisi. Na kwa kuwa kazi hizo hufanywa mbele za watu, chama kilitupa utepe wa kijani wa kuvaa begani, na kiongozi wetu kikampa fimbo.

Lakini kundi halikuanza na utepe. Lilianza mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona. Mtakumbuka jinsi ilivyokuwa. Tangu mwezi wa Aprili hadi mwezi wa Julai njia za kutoka Nairobi zilifungwa. Walio mjini hawakuweza kwenda kwao kuzika wazazi wao, wala jamaa wa mashambani hawakuweza kuja kwetu. Serikali iliamuru kwamba mazishi yasihudhuriwe na watu zaidi ya 15. Jamaa wa marehemu wakiisha kuhesabiwa, zilibaki nafasi chache tu, na nafasi hizo zilihitaji watu wenye nguvu za kubeba, wasio na woga, na wenye kujua kunyamaza. Wanachama wachache walijitolea. Hawakuwa na utepe, ila barakoa usoni na mipira mikononi. Hapakuwa na umati wa kuwatazama. Walibeba, wakazika, wakarudi nyumbani kwao wakakaa peke yao siku kadha wasije wakawaambukiza watoto wao. Hivyo ndivyo kundi lilivyozaliwa, na sisi tuliolirithi twaona fahari kuu kwa mwanzo huo.

Baadaye amri zililegezwa na umati ukarudi. Pamoja na umati, utepe nao ukaja. Haukuja kwa ubaya: watu wengi wakikusanyika, mfiwa hana budi kujua amwulize nani, na utepe humwonyesha. Lakini mtu akisha kuonekana, huanza kupenda kuonekana. Na hapo ndipo tunapofika katika kosa letu.

Mwaka huu alifariki mmoja wa ndugu zetu, mtu mpole asiyekosa mkutano hata mmoja. Aliacha mke na watoto wawili, katika nyumba ya ghorofa ya nne. Habari zilienea kwa simu usiku ule ule, na michango ikaingia kwa M-Pesa kabla ya alfajiri, hata Mweka Hazina akafurahi kwa upesi wake. Baada ya siku nne maiti ilisafirishwa kwenda mashambani. Siku hiyo kundi letu lilikuwapo kamili. Tulijipanga safu mbili toka mlangoni mpaka garini, utepe umepigwa pasi, na kiongozi wetu ametangulia na fimbo yake. Watu wakatupiga picha, na wengine wakatusifu.

Lakini baina ya usiku wa kwanza na siku ya gari zilipita siku nne, na katika siku hizo hakuna hata mmoja wetu aliyelala pale. Kila mmoja alidhani mwenziwe amekwenda. Maji ya mfereji hayakutoka wiki hiyo, na watoto wa marehemu ndio waliopandisha mitungi ya maji mpaka ghorofa ya nne, ili waombolezaji wapikiwe chai. Na sisi, haya ni aibu lakini lazima tuyaseme, katika siku hizo hizo tulikutana mara mbili kushauriana kama utepe mpya ununuliwe, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umechujuka rangi.

Baada ya mazishi, mama mmoja wa chama, asiye wa kundi letu, alimpelekea mfiwa uji. Katika mazungumzo akamwuliza kama Kundi la Huduma lilimsaidia. Mfiwa hakulaumu. Alijibu tu, "Niliwaona siku ya gari."

Maneno hayo yalipotufikia tulikaa kimya muda mrefu. Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza kama kosa hili ni letu peke yetu, au lina mizizi katika kila kundi la heshima lililomo ndani ya chama cha undugu. Kwa sababu hiyo tulianza kutafuta habari za waliotutangulia, na twaomba mtusikilize kidogo katika jambo hili, maana lahusu kura yenu.

Mnamo miaka ya 1890 watu wa pwani yetu, wa Lamu na Mombasa, walianza ngoma mpya iliyoitwa Beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bendi. Walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakaenda kwa hatua za askari, na wakajipa vyeo: Kingi, Gavana, Jenerali, Kanali, Sajini, hata Daktari. Mombasa ilikuwa na vyama vilivyoshindana, kama vile Kingi na Scotchi, na hao wa Scotchi walijivika mfano wa askari wa Uskochi. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliichukua Beni pamoja na askari na wapagazi mpaka bara. Ikaenea Tanganyika, ambako pande zake mbili mashuhuri ziliitwa Marini na Arinoti, ikafika Nyasa, na hata migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Wapagazi wa vita hivyo ndio waliotuachia hapa Nairobi jina la Kariokor, ambalo ni jina la Kiingereza la kikosi chao lilivyogeuka katika ndimi zetu. Habari za Beni zimekusanywa na mwanahistoria Terence Ranger katika kitabu kilichotolewa mwaka 1975, na tungependa vijana wetu wakisome.

Wazungu wengi walioitazama Beni walicheka, wakidhani ni watu wazima wanaocheza mchezo wa kuiga wakubwa wao. Maofisa wa serikali kwa upande wao waliingiwa na shaka, wakaichunguza, wakihofu kwamba nyuma ya vyeo vile pana fitina. Wote hawakuona lililo kubwa. Mtu aliyefika katika mji mgeni, asiye na mjomba wala shangazi, aliingia Beni akapata ndugu. Akiugua alitazamwa, akifa alizikwa. Yule Kanali wa ngoma hakuwa na jeshi, lakini alikuwa na watu ambao ilimpasa kuwajua kwa majina na kuwauliza hali.

Hata hivyo, wakubwa wa Beni walikutwa na mtihani ule ule uliotukuta sisi. Mashindano yaliwachukua. Upande mmoja ukifanya karamu, upande wa pili uliona haya usipofanya kubwa zaidi. Mavazi yakitoka mapya huku, kule nako lazima yatoke mapya. Fedha ambazo zingemtazama mgonjwa zilikwenda katika nguo na nyama. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini anayecheza ili atunzwe tu, siku moja hugeuka akaona mgonjwa wake amekufa na yeye yumo uwanjani.

Wala si wanaume peke yao. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye viongozi na vyeo vyake, na viwili vilivyovuma sana kwa mashindano viliitwa Ibinal Watan na Banu Saada. Mama hao walishindana kwa mavazi na kwa nyimbo za kurushiana maneno, lakini pia walisimamiana katika arusi na misiba, na kiongozi alijua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi haina unga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya wanawake wa mji huo walianzisha vyama vya namna nyingine, vya kuwaendeleza wanawake wa Kiislamu katika elimu na mambo ya umma. Ustadi wa kukusanya watu, kuwapanga, na kutunza amana ulikuwa umekwisha kupatikana katika lelemama.

Habari nyingine iliyotugusa sana ni ya huko kwenye migodi ya shaba. Mwaka 1956 mtaalamu aitwaye J. Clyde Mitchell alitoa kijitabu juu ya ngoma ya Kalela, iliyochezwa na vijana wa migodini siku za mapumziko. Wachezaji walivaa nadhifu kabisa. Walikuwa na kiongozi wao waliyemwita Kingi, na walikuwa na Daktari. Kisha kulikuwa na mwanamke mmoja tu katika kundi zima, aliyevaa nguo nyeupe kama mwuguzi. Huyo alizunguka katikati ya wachezaji na kioo na kitambaa, ili kila mmoja ajitazame na afute jasho. Tumeizungumza sana habari hiyo sisi kwa sisi. Katika vyeo vyote vya ngoma ile, cha huyo mwuguzi peke yake hakikuwa na maana yoyote pasipo mtu mwingine wa kuhudumiwa. Tungependa kundi letu lifanane naye kuliko Kingi.

Tukitazama ng'ambo ya bahari tunaona mambo yaya haya. Undugu wa Freemasons wa London, ulioanzisha Baraza Kuu lake mwaka 1717, huwa na wasimamizi wa karamu ya mwaka, na mwaka 1735 wasimamizi hao walipewa kikao chao wenyewe chenye heshima kubwa, na alama yao ni aproni nyekundu. Lakini heshima hiyo ilikuwa na bei: fedha za karamu zikipungua, wasimamizi walijaza upungufu kutoka mifukoni mwao. Aproni nyekundu ilikuwa dalili ya mtu aliyekubali kulipa. Kwetu sisi, Bwana Mwenyekiti, mambo yamekuwa kinyume: chama ndicho kilichomlipia mwenye utepe.

Marekani nako, mwaka 1915, katika kambi ya Maskauti karibu na Philadelphia, mabwana wawili, E. Urner Goodman na Carroll Edson, waliunda kundi la heshima ndani ya Skauti, lenye sherehe zake na kazi zake za utumishi. Katika kundi hilo liko jambo moja la hekima. Kijana hachaguliwi na wale waliokwisha kuingia ili wamwongeze mwenzao. Anachaguliwa na vijana wote wa kikosi chake, pamoja na wale wasiokuwa wa kundi hilo, kwa kuwa hao ndio waliolala naye kambini na kujua kama huchota maji au hungoja kuchotewa. Wakenya tunaijua Skauti. Mwanzilishi wake, Baden-Powell, alifariki mwaka 1941 akazikwa Nyeri, na vijana wetu wengi wamekwenda kulizuru kaburi lake. Lakini desturi hii ya kuchaguliwa na walio nje hatukuwa tumeifikiria. Sisi tumekuwa tukichaguana.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Ndugu zetu walioileta wanasema: kwa kuwa michango inakusanywa kwa simu, na kwa kuwa ziko kampuni za mazishi zinazokodisha gari, viti na hata wabebaji, kundi hili lina kazi gani tena? Ni swali la haki, na twalijibu hivi.

Mtaa wetu wa Fedha si kijiji. Tumekaa baina ya Outer Ring Road na Embakasi, tumepakana na Tassia na Nyayo, na ndege za kiwanja cha Jomo Kenyatta hupita juu ya mapaa yetu usiku na mchana. Tumetoka kila upande wa nchi. Wengi wetu hutoka alfajiri na kurudi usiku, na kila nyumba ina lango, na kila lango lina kufuli. Zamani mtu wa Nairobi aliyefiwa aliukimbilia umoja wa kabila lake. Vyama hivyo vilifanya kazi kubwa, na Luo Union na vyama vya Waluhya vitakumbukwa kwa kuwasindikiza marehemu mpaka kwao. Lakini mwaka 1980 vyama vikubwa vya makabila vilitakiwa vivunjwe, hata klabu za mpira zikabadili majina, na ndipo Abaluhya ilipojiita Leopards. Haja ya kuzikana haikuvunjwa pamoja navyo. Ilihamia katika vyama vya mitaa kama hiki, ambamo Mkamba humbeba Mjaluo na Mkikuyu huchimbia kaburi Mswahili.

Wahenga wa Kiswahili walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ni neno la watu waliowajua watu, wala hatulidharau. Lakini chama chetu kiliundwa ili, walau katika mtaa huu mmoja, neno hilo lisiwe kweli. Mzaliwa nawe yuko mbali. Basi litokalo Busia au Kitui haliwezi kufika usiku ule ule. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Jirani wa ghorofa ya chini ndiye awezaye kupanda ngazi usiku wa manane. Kampuni ya mazishi huleta viti, na simu huleta fedha, na vyote viwili twavishukuru. Lakini kampuni haiwezi kumwambia mjane kwamba mumewe alikuwa mtu kati ya watu. Wanaomwambia hivyo ni wale wanaoacha shughuli zao wakasimama mlangoni pake, wakijulikana kwa jina na kwa alama ya chama. Heshima hiyo mfiwa anaistahili, maskini sawa na tajiri. Ndiyo sababu hatukubali kwamba sherehe zote zifutwe. Twakubali kwamba sherehe isiyotanguliwa na utumishi ni deni lisilolipwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, sisi wenyewe twaleta mapendekezo sita, na twaomba yapigiwe kura pamoja na hoja ya kuvunjwa.

La kwanza, wajumbe wa kundi wachaguliwe na wanachama wote kwa kura ya siri, na sisi tulio ndani ya kundi tusipige kura hiyo. Mtu asijipendekeze mwenyewe. Apendekezwe na jirani yake.

La pili, utumishi uwe wa miaka miwili. Mtu akimaliza apumzike kwa muda uo huo kabla ya kuchaguliwa tena, na kila Mkutano Mkuu fimbo irudishwe mezani, ili pasiwe na mwenye kuidhania mali yake.

La tatu, pawepo daftari la zamu, litunzwe na mtu asiye wa kundi. Usiku wa kwanza wa msiba watu wawili wa kundi walale au wakeshe pale. Asubuhi wawili wengine washughulike na maji, kuni au gesi, chakula, na kuwapeleka watoto shule. Asiyeandikwa katika daftari la zamu asivae utepe siku ya mazishi, hata akiwa ndiye kiongozi wa kundi.

La nne, isitumike hata senti moja ya mfuko wa mazishi kwa mavazi. Utepe tulio nao unatosha, ingawa umechujuka. Utepe ukichanika, aliyeuvaa aushone.

La tano, heshima iwe sawa kwa wote na ifuate dini ya marehemu. Ndugu zetu Waislamu huzika upesi, pengine siku ile ile, na imetokea kwamba tulifika tumechelewa kwa kungoja safu zetu zikamilike. Tangu sasa wanaofika wawili waanze kazi. Safu si sharti la maziko. Wala asipewe mwenye cheo gwaride refu na mwenye kibanda cha mboga gwaride fupi.

La sita, kazi isiishe kaburini. Mfiwa atembelewe wiki ya pili, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu, na waliomtembelea watoe habari kwa Katibu. Wengi kati yenu mnajua kwamba nyumba ya msiba hujaa siku saba, na njaa yake huanza siku ya nane.

Tuliyapeleka mapendekezo haya kwanza kwa yule mama mfiwa tuliyemkosea, tukamwomba radhi kabla ya kuja kwenu. Alitupokea vizuri. Alisema kwamba la tatu liongezwe jambo moja: wanaokesha waje na chai yao wenyewe, wasimtwike mfiwa kazi ya kuwapikia. Tumeliongeza, na kwa ruhusa yake twalitaja hapa.

Tunajua kwamba sheria ya nchi ya mwaka 2022 juu ya usajili wa vikundi vya jamii yatutaka tuwe na katiba na viongozi wanaojulikana. Hayo tunayo. Lakini hakuna afisa atakayepanda ngazi za ghorofa ya nne kuhakikisha kwamba mtungi wa maji umejaa. Hilo limeachwa katika dhamiri zetu na katika macho ya majirani zetu, na ndiyo maana twaomba macho hayo yatutazame kwa karibu zaidi.

Bwana Mwenyekiti, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka 2020 waliotutangulia walifaa kwa dhiki bila utepe. Mwaka huu sisi tulikuwa na utepe tusifae. Hatuoni haya kuyasema haya katika kijitabu kitakachosomwa na wageni, kwa kuwa taarifa ya mwaka inayotaja mema peke yake si taarifa.

Sasa twafanya neno la mwisho. Utepe wetu wote, pamoja na fimbo, tumeuweka juu ya meza iliyo mbele yako. Mkutano ukiamua kundi livunjwe, vitu hivi ni vya chama, na sisi tutaendelea kuwa ndugu, na tutabeba kama wanachama wengine wabebavyo. Mkutano ukiamua liendelee kwa masharti tuliyoyataja, twaomba asiokote utepe hata mmoja wetu leo, mpaka mtakapopiga kura nyumba kwa nyumba na kusema ni nani anayestahili kuuvaa. Na kama katika kura hizo sisi sote tuliosimama hapa hatutachaguliwa, twaahidi kuwafundisha watakaochaguliwa yale machache tuyajuayo: jinsi ya kulishusha jeneza ngazini bila kuligonga ukutani, maneno ya kusema na mtoto aliyefiwa na baba, na ni nani mwenye ufunguo wa tangi la maji.

Twawaombea wagonjwa wetu afua, na waliotutangulia twawaombea pumziko jema.